Dira Isiyojua Kaskazini

Dereva mmoja wa teksi nchini Japani, mtu wa miaka 55, alikuwa kazini katika mji wake mwenyewe pale njia ilipomtoka kichwani ghafla. Majengo aliyaona na kuyatambua. Mandhari aliijua. Ungemsimamisha na kumuuliza yuko wapi, angekujibu bila kusita. Alichokosa ni kitu kimoja tu: kutoka pale alipo, aelekee upande gani. Akaacha kubeba abiria, akaamua kurudi ofisini, na hiyo ofisi nayo hakujua iko upande upi. Ikabidi ajiongoze kwa majengo na vibao vya barabarani, akikosea na kugeuza, akijikuta anapita mahali pale pale tena na tena. Uchunguzi ulionyesha kwamba damu ilikuwa imevuja sehemu ya ndani ya ubongo wake, nyuma upande wa kulia. Madaktari waliandika habari zake pamoja na za wagonjwa wengine wawili wa aina hiyo katika makala ya mwaka 1997. Kumbukumbu za watu hao hazikuwa zimeharibika kwa jumla, na macho yao yalikuwa salama. Waliopotea walikuwa wanajua walipo.

Sisi tusioumwa hatuoni tofauti kati ya “niko wapi” na “nimeelekea wapi”, kwa sababu majibu huja pamoja. Lakini simama chini ya Mnara wa Saa pale Dar es Salaam ukiwa mgeni wa jiji. Unajua kabisa uko Mnara wa Saa, hata kwenye ramani unaweza kupagusa kwa kidole, na bado ukashika barabara ya kukupeleka kusiko. Jibu la swali la kwanza halikupi jibu la la pili. Ubongo unalijua hilo, ndiyo maana umeyapa maswali hayo mawili seli tofauti za neva.

Seli za swali la kwanza ndizo zilizotangulia kujulikana. Mwaka 1971 John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky, wakiwa London, walitangaza kwamba katika sehemu ya ubongo wa panya iitwayo hipokampasi kuna seli zinazotoa mipigo ya umeme mnyama anapofika sehemu fulani ya chumba, na zikanyamaza akiondoka hapo. Zikaitwa seli za mahali, na mwaka 2014 zikampa O'Keefe sehemu ya Tuzo ya Nobeli. Waliogawana naye tuzo hiyo, May-Britt na Edvard Moser wa Trondheim, Norwe, walikuwa wamegundua seli za aina nyingine zinazopima umbali kwa mpangilio wa pembetatu. Seli za swali la pili, ziitwazo seli za mwelekeo, hazikupewa tuzo. Kwa maoni yangu zilistahili, maana hesabu za hizo nyingine haziendi mbali bila kujua kichwa kimeelekea wapi.

Seli za mwelekeo ziligunduliwa kwa bahati. Januari 1984, katika chuo cha tiba cha serikali ya jimbo la New York kilichoko Brooklyn, James Ranck alikuwa akipitisha elektrodi nyembamba ndani ya ubongo wa panya, akilenga eneo liitwalo subikulamu. Elektrodi ikaenda pembeni kidogo, ikaangukia kwa jirani. Katika maabara za namna hii elektrodi huunganishwa na spika, ili mtafiti asikie kila mpigo wa seli huku macho yake yako kwa mnyama. Seli aliyoipata Ranck ilikuwa kimya, kisha inalia mfululizo, kisha kimya tena, na kilichoiamsha hakikuwa mahali panya alipokuwa wala alichokuwa akifanya. Kilikuwa upande ambao kichwa chake kimetazama.

Kazi ya kuzichunguza seli hizo kwa utaratibu alikuja kuifanya Jeffrey Taube, akiwa na Robert Muller na Ranck mwenyewe, na makala zao mbili za mwaka 1990 bado ndizo msingi wa fani hii. Vifaa vyao vilikuwa vya kawaida kabisa. Walitengeneza uwanja wa duara wenye ukuta wa kijivu, upana wake sentimita 76, usio na kona wala alama. Ndani ya ukuta wakabandika kadi moja kubwa nyeupe, basi. Pazia likazungushwa nje ili panya asione chumba. Vipande vidogo vya chakula vikawa vinarushwa ndani ili azunguke kila mahali akivitafuta, na taa juu ya kichwa chake zikamwezesha mtafiti kufuatilia kichwa kimeelekea wapi kila sehemu ya sekunde.

Tuchukue seli moja. Panya akielekeza kichwa upande mmoja, tuseme kulia mwa kadi, seli inatoa mipigo kwa kasi. Kuna zinazopita mipigo 100 kwa sekunde. Akigeuza kichwa kidogo, kasi inapungua. Akipita kama nyuzi 45 upande huu au ule, seli inanyamaza karibu kabisa. Haijali kama panya yuko katikati au ukutani, anatembea au amesimama. Haijali hata kiwiliwili kimelala upande gani. Mwili unaweza kutazama huku na shingo ikageukia kule, seli ikafuata kichwa. Seli ya jirani yake inapenda upande mwingine, ya tatu upande mwingine tena, na zikijumlishwa zote duara zima la nyuzi 360 limegawanywa bila pengo.

Hapo ndipo jina “dira ya ubongo” lilipozaliwa, nami nalitumia katika kichwa cha sura hii kwa sababu halina mbadala mwepesi. Lakini dira ya baharia husoma sumaku ya dunia. Hii haisomi sumaku. Taube na wenzake walimtoa panya nje, wakaihamisha kadi nyuzi 90 ukutani, wakamrudisha. Seli iliyokuwa ikipenda upande mmoja sasa ikapenda upande mwingine, umbali wa karibu nyuzi 90, kama vile chumba kizima kimegeuzwa. Sumaku ya dunia haikuwa imesogea. Wakaiondoa kadi kabisa: seli haikupoteza tabia yake, iliendelea kuchagua upande mmoja, ingawa upande huo mara nyingi haukuwa ule wa mwanzo.

Lililonishangaza mimi zaidi ni lingine. Seli mbili zinazotofautiana kwa nyuzi 40 hubaki zinatofautiana kwa nyuzi 40. Geuza kadi, ondoa kadi, zima taa, mpeleke panya chumba kingine: upande zinaoupenda utahama, na zitahama zote pamoja kwa kiasi kilekile. Hakuna hata moja inayobaki nyuma. Kwa hiyo uhusiano wa seli hizi zenyewe kwa zenyewe haukutokana na chumba. Ulikuwamo kabla panya hajaingia.

Kama ni hivyo, seli zinajuaje kwamba kichwa kimegeuka? Fumba macho, geuza kichwa polepole kuelekea kushoto. Unajua umegeuka, na unajua kwa kiasi gani. Habari hiyo inatoka kwenye sikio la ndani, ambako kuna mifereji mitatu iliyopinda, kila mmoja katika ulalo wake, na ndani yake majimaji. Kichwa kikizunguka, mfereji unazunguka nacho, lakini majimaji yanachelewa kidogo, yanasukuma utando laini, na vinyweleo vya seli zilizo chini ya utando huo vinapinda. Kupinda huko ndiko kunakogeuka kuwa ishara ya neva. Zingatia kwamba ishara yenyewe haisemi kichwa kiko wapi. Inasema kinageuka upande gani na kwa kasi gani. Ubongo unalazimika kuijumlisha kasi hiyo, sekunde baada ya sekunde, mpaka upate mwelekeo.

Jumla hiyo haianzii kwenye gamba la juu la ubongo, tunakodhani fikra zote zinatengenezwa. Inaanzia chini sana, kwenye shina la ubongo, ikapanda hadi kwenye vinundu viwili vidogo vilivyo chini ya ubongo, ikaingia eneo liitwalo thalamasi, ndipo ikafika pale elektrodi ya Ranck ilipoangukia. Seli za thalamasi zina tabia ya ajabu: zinatangulia. Mipigo yao inaonyesha mwelekeo ambao kichwa kitakuwa nao baada ya kama sehemu 25 za elfu ya sekunde. Kichwa hakijafika, hesabu imeshafika.

Mwaka 1997 Robert Stackman na Taube walifanya jaribio ambalo linaonekana katili na ambalo jibu lake halina utata. Waliharibu viungo vya mizani ndani ya masikio ya panya, wakasikiliza seli zilezile za thalamasi. Taa zilikuwa zinawaka, kadi nyeupe ilikuwa ukutani, macho ya panya yalikuwa mazima. Mwelekeo ulitoweka. Seli hazikufa, ziliendelea kupiga ovyo, bila upande. Macho peke yake hayakuweza kutengeneza mwelekeo hata mbele ya alama iliyo wazi kuliko zote. Mwelekeo unatengenezwa na sikio. Jicho kazi yake ni kuusahihisha.

Na kusahihisha kunahitajika, kwa sababu kila jumla hukusanya makosa. Panya akizungushwa gizani, seli zake zinaendelea kuonyesha upande, ila upande huo unaanza kuteleza kidogo kidogo. Binadamu naye ni hivyohivyo. Umelala ndani ya basi kutoka Morogoro, limepinda huku na kule, unaamka Ubungo na jua linaonekana limekaa upande usio wake. Au umeingia duka la Kariakoo kwa mlango mmoja, ukapanda ngazi, ukashuka nyingine, ukatokea mtaa unaoujua vizuri, na mtaa wote umegeuka kinyume. Kisha unaona msikiti au kituo cha daladala, na mji mzima unajipindua kichwani mwako mara moja, ukakaa sawa. Haukai sawa nusu nusu. Ukikumbuka kwamba seli zote huhama pamoja, utaona kwa nini. Ndiyo pia sababu ya ule mshale wa kibla unaobandikwa darini katika vyumba vya hoteli nyingi za Ghuba: mtu aliyefika usiku, akapanda lifti na kupita korido tatu, hana tena cha kumwambia Makka iko wapi.

Katikati ya miaka ya 1990 makundi kadhaa ya wanahisabati wa ubongo, miongoni mwao William Skaggs na wenzake na pia Kechen Zhang, walipendekeza jinsi mtambo huu unavyoweza kujengwa. Wazia watoto wamesimama kwenye duara wakicheza. Kila mtoto akiimba huwachochea walio karibu naye waimbe, na huwanyamazisha walio ng'ambo ya duara. Kwa kanuni hiyo hawawezi kuimba wote, wala hawawezi kunyamaza wote: daima kutakuwa na kikundi kimoja tu kinachoimba, na wimbo utabaki hapo hata kama hakuna anayewaongoza. Mahali wimbo ulipo ndipo mwelekeo ulipo. Sikio la ndani likisema kichwa kinageuka kulia, wimbo unasukumwa kwa watoto wa kulia. Jicho likiona alama inayofahamika, wimbo unavutwa kwenye nafasi yake.

Ilikuwa hesabu nzuri sana kwenye karatasi. Katika ubongo wa panya duara hilo halionekani, kwa kuwa seli zimechanganyika, na ile inayopenda mashariki inaweza kupakana na inayopenda kusini. Wengi waliamini duara ni namna tu ya kuandika hesabu.

Halafu likaonekana, kwa macho, ndani ya inzi. Ni yule inzi mdogo wa matunda anayezagaa kwenye ndizi zilizoiva. Katikati ya ubongo wake kuna kiungo chenye umbo la pete. Mwaka 2015 Johannes Seelig na Vivek Jayaraman, katika kituo cha utafiti cha Janelia kilichoko Virginia, Marekani, walikishika kichwa cha inzi chini ya hadubini, wakamwacha atembeze miguu juu ya kijimpira kinachoelea hewani, na mbele yake wakaweka skrini iliyogeuka kila alipojigeuza. Seli zake zilikuwa zimetiwa protini inayong'aa seli inapofanya kazi. Na kweli, kwenye pete hiyo kulikuwa na bonge moja tu la mwanga. Inzi akigeuka, bonge linazunguka pete. Skrini ikizimwa na inzi akabaki gizani, bonge linaendelea kufuata mageuko yake, likiteleza taratibu kwa makosa. Miaka miwili baadaye maabara hiyohiyo ilitumia miale kulazimisha bonge la pili lizaliwe upande mwingine wa pete. Mabonge mawili hayakudumu pamoja. La kwanza lilizimika, jipya likashika nafasi.

Katika majaribio ya inzi kuna jambo dogo ambalo mimi ninaliona kubwa. Inzi mmoja akitazama mstari wa mwanga, bonge lake hukaa sehemu ya juu ya pete. Mwingine akitazama mstari uleule, bonge lake hukaa kushoto. Kila inzi ana mpangilio wake, na hakuna ulio sahihi zaidi. Pete haina alama ya kaskazini. Inajua tu kwamba sasa ni nyuzi kadhaa tofauti na muda uliopita. Kaskazini ni makubaliano kati ya inzi na mahali alipo, na mahali pakibadilika makubaliano huandikwa upya.

Kama mtambo huu unatangulia ulimwengu, basi utafanya kazi hata ulimwengu usipokuwapo. Adrien Peyrache, György Buzsáki na wenzao wa New York walisikiliza seli za mwelekeo za panya wadogo waliolala, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Kichwa kimetulia, macho yamefumba, na bado seli zilizokuwa zikipiga pamoja mnyama akiwa macho zilipiga pamoja akiwa usingizini. Katika usingizi wa ndoto mwelekeo ulizunguka kwa kasi kama ya mnyama aliye macho. Katika usingizi mzito ulikimbia karibu mara 10 zaidi. Mwaka huohuo watafiti wa London na wa Trondheim walionyesha kwamba watoto wa panya wanazo seli hizi kabla hawajafumbua macho, wakiwa na umri wa siku 12 au 13 hivi. Zinateleza sana, kwa sababu hazijapata cha kuzishika. Macho yakifunguka, zinatulia haraka.

Karibu yote niliyoyaeleza yametokea ndani ya visanduku. Uwanja wa sentimita 76 si dunia, na kwa miaka 40 swali lilibaki lilelile: mnyama akiwa nje, kwenye eneo lenye upepo na nyota na ufuo, je, seli moja itashika upande mmoja kote, au itakuwa na upande wake kwa kila kona ya nchi? Jibu lilipatikana kwetu. Kusini-mashariki ya Unguja, mbali baharini, kuna kisiwa kidogo cha matumbawe kiitwacho Fungu Kizimkazi, ambacho kwenye ramani nyingi kimeandikwa Latham. Ni tambarare, hakina miti, hakina mji, na wenyeji wake ni ndege wa baharini wanaokuja kutaga. Ukubwa wake ni wa viwanja vichache tu vya mpira.

Nachum Ulanovsky wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba popo wala matunda wana seli za mwelekeo zinazofanya kazi pande zote, si mlalo peke yake bali hata kichwa kinapoinuka na kuinama. Safari hii yeye na wenzake waliwapeleka popo Fungu Kizimkazi. Kila popo alibeba vifaa vidogo mno vya GPS na vya kunasa mipigo ya seli. Aliachiwa usiku peke yake, akaruka juu ya kisiwa kwa dakika kati ya 30 na 50. Kisiwa kilikuwa kimechaguliwa kwa sababu iliyo wazi: popo mwenye vifaa vya bei mbaya hapaswi kupata mahali pa kutorokea, na huko pande zote ni bahari. Zaidi ya seli 400 zilirekodiwa, na makala ikatoka katika jarida la Science mwaka 2025.

Seli ilishika upande mmoja kisiwa kizima. Popo akiwa ufuo wa huku au wa kule, chini au juu, akiona mawe haya au yale, seli iliyopenda upande fulani iliupenda upande huohuo. Lakini haikuwa hivyo tangu mwanzo. Usiku wa kwanza mwelekeo uliyumba. Ulizidi kutulia usiku hadi usiku, na kufikia wa tano na wa sita ulikuwa imara. Hapo ndipo dhana ya sumaku iliposhindwa tena, safari hii nje ya maabara: kama popo angekuwa anasoma sumaku ya dunia, usiku wa kwanza ungetosha, kwa kuwa sumaku haihitaji kuzoewa. Kinachohitaji kuzoewa ni umbo la ufuo na mpangilio wa mawe.

Watafiti waliuangalia mwezi pia. Wanyama wengi husafiri kwa nuru za mbinguni, na si ajabu kudhani kwamba popo, akiwa juu ya bahari usiku, ataegemea huko. Walilinganisha mipigo ya kabla mwezi haujachomoza na ya baada ya kuchomoza. Seli hazikusogea. Huenda mwezi na nyota vinamsaidia popo kujifunza kisiwa katika zile siku za mwanzo, wakati mwelekeo unapoyumba, na hilo halikupimwa na jaribio lile. Baada ya usiku wa sita, mwezi uwepo au usiwepo, popo wa Fungu Kizimkazi alikuwa ameshaamua upande upi ni upi.